Vipaji vya mbio za magari tunavyo, kilomita ndizo hatuna

JUMAPILI ya Juni 26, 2022, kijana wa miaka 21 alichomoka kwenye vumbi la Hell's Gate, Naivasha, akiwa mshindi wa Safari Rally. Jina lake ni Kalle Rovanperä, raia wa Ufini. Nyuma yake walifuata Elfyn Evans, Takamoto Katsuta na Sébastien Ogier, wote wakiwa katika magari ya Toyota. Wenye umri wa kukumbuka walisema mara moja kwamba kampuni moja haikuwa imezoa nafasi nne za kwanza katika Safari tangu Toyota hiyo hiyo ilipofanya hivyo mwaka 1993.

Sisi tuliokuwa katika vyumba vya habari miaka ishirini kabla ya hapo tulilijua jina hilo la ukoo. Katika Safari ya 2002, ya mwisho kabla ya Kenya kuondolewa kwenye ratiba ya mashindano ya dunia, aliyemaliza wa pili alikuwa Harri Rovanperä, babake Kalle, akiendesha Peugeot. Mwaka 2001 pia alikuwa amemaliza wa pili. (Meza yetu ya uhariri iliteswa sana na zile nukta mbili zinazokaa juu ya herufi ya mwisho ya jina lake, siku nyingine zilichapishwa, siku nyingine zilipotelea njiani.) Aliyemshinda Harri mwaka huo wa 2002 alikuwa Mskoti Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995, ambaye aliibuka mshindi wa Safari mara tatu kabla ya kufariki katika ajali ya helikopta mwaka 2007.

Jina la McRae nalo lilikuwa kwenye orodha ya washiriki wa Naivasha mwaka 2022. Ni la Mkenya McRae Kimathi, aliyepewa jina hilo na babake, Phineas Kimathi, dereva wa miaka mingi ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Shirikisho la Mbio za Magari nchini (KMSF) na afisa mkuu mtendaji wa Safari Rally. Mapenzi ya mzee huyo kwa Colin McRae hayakuwa siri kwa yeyote anayeufuatilia mchezo huu.

Tazama basi jinsi uzi ulivyojifunga. Kijana mmoja ni mwana wa mtu aliyeshindwa na Colin McRae katika ardhi ya Kenya. Mwingine ni Mkenya anayebeba jina la Colin McRae. Wote wawili walizaliwa katika nyumba zilizonukia petroli na mpira wa tairi. Lakini Oktoba 2, 2022, zaidi ya miezi mitatu baada ya Naivasha, Rovanperä alitawazwa bingwa wa dunia nchini New Zealand akiwa na umri wa miaka 22 na siku moja, na kuvunja rekodi ya bingwa mwenye umri mdogo zaidi iliyokuwa ya Colin McRae huyo huyo, aliyetwaa taji akiwa na miaka 27. Kimathi, wakati huo, alikuwa angali katika daraja la chipukizi, akijifunza kuendesha kwenye barabara ambazo hakuwa amewahi kuziona.

Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Jibu linalotolewa upesi katika vijiwe vya wapenzi wa mbio za magari ni pesa. Wengine husema ni kipaji. Kwamba Wafini huzaliwa na usukani mkononi kama vile Wakalenjin wanavyodhaniwa kuzaliwa na mbio miguuni. Majibu hayo mawili yana ukweli ndani yake. Ila mtu akiichunguza njia aliyopitia Rovanperä hatua kwa hatua, ataona kwamba kilichomfikisha kileleni ni kitu ambacho kinaweza kuhesabiwa, nacho ni kilomita alizoendesha kabla ya umri ambao Mkenya huruhusiwa hata kuanza.

Kalle alizaliwa Oktoba 1, 2000. Akiwa na umri wa miaka minane tayari kulikuwa na video iliyomwonyesha akiiburuta Toyota Starlet kuukuu juu ya ziwa lililoganda, gari likienda mshazari kama kaa, naye akiligeuza kwa utulivu wa mtu mzima. Walioitazama walicheka kwa mshangao. Babake hakuwa akifanya mzaha. Barafu haisamehi mkono mzito, na mtoto anayejifunza juu yake hujifunza kuusikia mshiko wa tairi kabla hajajua kuueleza kwa maneno. Isitoshe, ziwa ni pana; akikosea, gari huzunguka tu na kusimama. Ni shule ambayo Mungu huwafungulia Wafini bure kila majira ya baridi.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kwa nadra. Nyumbani kwao Ufini, sheria haikumruhusu mtoto kushiriki mbio ambazo magari hupita pia katika barabara za umma. Familia haikukaa kungoja. Ilivuka bahari hadi Latvia, nchi ndogo isiyo na jina kubwa katika mchezo huu, ambako kanuni zilimruhusu kijana asiye na leseni kushindana katika mikondo iliyofungwa. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 14, Kalle alianza kushiriki mashindano ya kitaifa ya Latvia. Mkondo ulipokwisha na gari kuhitajika kupita barabara ya kawaida kuelekea mkondo mwingine, yeye alihamia kiti cha abiria na mwelekezi wake akashika usukani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na leseni.

Na mwelekezi huyo alikuwa nani? Risto Pietiläinen, mtu aliyekuwa amemsomea babake barabara katika mashindano ya dunia. Wasiofuatilia mchezo huu hudhani mwelekezi ni msindikizaji. La hasha. Kabla ya mashindano, madereva huruhusiwa kupita kila mkondo kwa mwendo wa pole, na katika safari hizo dereva hutaja kila kona, kila tuta na kila jiwe, naye mwelekezi huandika. Siku ya mashindano dereva huendesha kwa kusikia zaidi ya kuona: kona iliyo nyuma ya kilima anaijua kwa sababu ameambiwa. Kuandika maelezo hayo vizuri, na kuyaamini hadi kutopunguza mwendo mbele ya kilima usichoona nyuma yake, ni kazi inayochukua miaka mingi. Kalle alianza kuijifunza akiwa na umri wa mwanafunzi wa shule ya msingi ya kwetu, kando ya mtu aliyeimudu.

Mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa Latvia. Mwaka 2017 akautwaa tena. Oktoba 2017 alitimiza miaka 17, akapewa leseni nyumbani kwa kibali maalumu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Wales, akishiriki duru yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Magari (WRC), wakati huu na mwelekezi Jonne Halttunen. Mwezi uliofuata alimaliza wa kumi nchini Australia na kupata pointi yake ya kwanza. Kisha ikaja Škoda ikamchukua kwa misimu miwili, na mwaka 2019 akawa bingwa wa daraja la WRC2 Pro. Mwaka 2020 Tommi Mäkinen, Mfini mwingine aliyeshinda Safari mara mbili na ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa timu ya Toyota, alimpa gari la daraja la juu kabisa. Katika duru yake ya pili akiwa na gari hilo, Uswidi, alimaliza wa tatu. Julai 2021 alishinda Estonia na kuwa dereva mdogo zaidi kuwahi kushinda duru ya dunia.

Ukiyasoma hayo kwa haraka utaona muujiza. Ukiyasoma kwa utulivu utaona ngazi ambayo hakuna kidato kilichorukwa.

Hata Naivasha haikumpokea kwa mikono miwili. Mwaka 2021, Safari iliporejea baada ya miaka 19, Rovanperä alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakitisha siku ya Ijumaa hadi gari lake lilipozama katika mchanga laini na kukataa kutoka. Vumbi lile la Bonde la Ufa, linalofanana na unga wa ngano na kuficha mashimo kama maji yanavyoficha miamba, halikuwa limewahi kumkuta popote Ulaya. Alimaliza wa sita. Mwaka mmoja baadaye alirudi na kushinda, na mwaka 2024, mashindano yalipofanywa wikendi ya Pasaka, akashinda tena. Hapo ndipo unapoona maana ya kuwa na msimu wa pili. Dereva aliyekwama mchangani mwaka 2021 alipewa nafasi ya kurudi mahali pale pale na gari jingine zuri. Wetu wakikwama, mara nyingi ndiyo hadithi imekwisha.

Februari 2022, McRae Kimathi na mwelekezi wake Mwangi Kioni walitua Umeå, kaskazini mwa Uswidi, kwa duru ya kwanza ya mashindano ya chipukizi ya Junior WRC. Alikuwa mmoja wa vijana walioteuliwa katika mpango wa kukuza madereva ulioendeshwa na KMSF kwa ushirikiano na Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) na udhamini wa Safaricom. Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walikuwa wenzake. Waliletewa magari ya Ford Fiesta ya daraja la Rally3, yaliyoundwa Poland. Uzuri wa Junior WRC ni kuwa washiriki wote hutumia gari la aina hiyo hiyo moja, hivyo hakuna wa kulalamika kuwa mwenzake ana injini kali zaidi. Kinachowatofautisha ni mikono, macho na uzoefu.

Fikiria sasa Umeå. Barabara imefunikwa theluji na barafu, kandokando kuna kuta za theluji, na tairi zimechomekwa misumari. Mshindani wako wa Skandinavia amekuwa akiendesha juu ya kitu hicho tangu utotoni. Wewe umekulia mahali ambapo barafu huonekana kwenye friji na juu ya kilele cha Mlima Kenya. Mazoezi unayoweza kupata kabla ya kuanza huhesabiwa kwa siku. Kimathi hakwenda pale kushinda, na yeyote aliyetarajia ashinde hakuuelewa mchezo. Alikwenda kujifunza, na Wakenya wengi tulifurahi kuona bendera yetu mahali ambapo haikuwa imewahi kupepea. Furaha hiyo ilikuwa halali. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kufika kule ndiko kufaulu.

Miezi michache baadaye, katika Safari ya mwaka huo huo, Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 akiendesha Fiesta ya aina ile ile. Kwa hivyo uwezo upo. Mwaka uliotangulia, 2021, Onkar Rai alikuwa amemaliza wa saba kwa jumla, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, mbele ya wageni kadhaa waliokuja na timu kubwa kuliko zao. Tundo akawa bingwa wa Afrika mwaka 2021, na Patel akafuatia kwa kutwaa taji hilo mwaka 2022 na 2023. Kabla yao Manvir Baryan alikuwa amelitwaa mara tatu mfululizo, kuanzia 2017 hadi 2019. Barani humu Mkenya hana wa kumtisha sana. Tatizo ni kwamba mlango wa kutokea Afrika kwenda duniani hufunguliwa kidogo, mtu mmoja akachungulia, kisha ukafungwa.

Tufanye hesabu ndogo. Duru moja ya dunia ina zaidi ya kilomita 300 za mikondo ya ushindani. Msimu una duru 13 hivi. Dereva anayeshiriki zote hukusanya takriban kilomita 4,000 kwa mwaka, bila kuhesabu mazoezi ya timu. Duru za hapa nchini mara nyingi hazifiki kilomita 200, na hata dereva akishiriki zote kwa mwaka mzima, hatafika nusu ya hizo. Na ni wangapi hushiriki zote? Mara ngapi tumeona jina kwenye duru ya kwanza, likakosekana ya pili na ya tatu, kisha likarudi ya nne baada ya injini kupatikana? Tena hapa nyumbani barabara ni za aina moja kwa kiasi kikubwa: udongo, mawe, vumbi, na matope mvua ikinyesha. Lami ya Croatia na theluji ya Uswidi hatuna. Kijana wetu anapokutana na mwenzake wa Ulaya akiwa na umri wa miaka 25, kwa kweli anakutana na mtu aliyemtangulia kwa miaka kumi ya kazi.

Hapa kuna hoja ambayo huzushwa kila mara na inastahili kujibiwa bila kigugumizi. Inasemwa kwamba mchezo huu ni wa matajiri na wana wao. Ni kweli. Onkar Rai ni mwana wa aliyekuwa dereva. Carl Tundo ni mwana wa Frank Tundo, aliyekuwa dereva. Hamza ni mwana wa Asad Anwar, dereva. McRae Kimathi tumekwisha kumtaja, na haikukosekana minong'ono kwamba mwana wa mwenyekiti amepewa kiti. Nasema hivi: mtoto wa nyoka ni nyoka kila mahali katika mchezo huu. Kalle ni mwana wa Harri. Oliver Solberg ni mwana wa Petter Solberg, bingwa wa dunia wa 2003. Colin McRae mwenyewe alikuwa mwana wa Jimmy McRae, bingwa wa Uingereza mara tano. Gari la Rally2 hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, na nyumba isiyo na gari haizai dereva kwa bahati.

Swali la haki, kwa maoni yangu, liko kwingine. Ni je, yule asiye na baba wa namna hiyo amewekewa njia gani? Patrick Njiru alipomaliza wa nne katika Safari ya 1994 akiendesha Subaru, mwaka ambao Ian Duncan alishinda, watoto wengi wa mashambani waliona kwa mara ya kwanza kwamba dereva wa Safari anaweza kuwa na jina kama la mjomba wao. Njiru alikuwa na kampuni ya gari nyuma yake. Sifa ile ilidumu vizazi. Mpaka leo kuna wanaume wenye mvi ambao humwita dereva yeyote wa matatu anayekwenda kasi "Njiru". Lakini hakuna mfumo uliojengwa juu ya mafanikio yake ili awepo wa pili na wa tatu.

Mfano ambao Kenya ingefaa kuusoma kwa makini zaidi, kuliko ule wa Rovanperä, umekuwa ukipita mbele ya macho yetu Naivasha kila mwaka. Ni Mjapani Takamoto Katsuta. Babake alikuwa bingwa wa mbio za magari Japani, ndiyo, lakini Takamoto hakukulia katika mashindano haya. Alianza katika magari madogo ya langalanga. Alikuwa na umri wa miaka 22 Toyota ilipomteua mwaka 2015 katika mpango wake wa kukuza madereva na kumpeleka Ufini. Kwa viwango vya Kalle, alikuwa amechelewa mno. Toyota haikumpeleka Uswidi mara moja na kumwita nyumbani kupiga picha. Ilimwacha huko miaka, akaharibu magari, akajifunza barafu, akajifunza kuandika maelezo ya barabara. Mwaka 2018 alishinda daraja la WRC2 katika theluji hiyo hiyo ya Uswidi. Na jukwaa lake la kwanza la dunia alilipata wapi? Naivasha, Juni 2021, alipomaliza wa pili nyuma ya Ogier.

Miaka sita, tangu kuteuliwa hadi kupanda jukwaa. Hiyo ndiyo bei halisi, na haihesabiwi kwa shilingi peke yake. Ni bei ya mdhamini anayekubali kutopata chochote cha kuonyesha kwa misimu mitatu au minne. Huku kwetu mdhamini hutaka picha kabla ya duru ya pili. Siwalaumu sana, wakurugenzi wa kampuni hujibu maswali ya wenye hisa kila mwaka. Lakini shirikisho linalokwenda kuomba udhamini kwa msimu mmoja mmoja litaendelea kupata madereva wa msimu mmoja mmoja.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kurejea kwa Safari kwenye ratiba ya dunia kulitokana na msukumo wa Ikulu na fedha za umma. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ndiye aliyeanzisha mbio za 2021 katika jumba la KICC, na hakuna aliyekuwa pale ambaye atasahau jinsi umati ulivyolipuka. Tangu wakati huo hoteli za Naivasha hujaa wikendi hiyo, na nyama choma hupanda bei hadi wenyeji wakalalamika. Yote ni mema. Hata hivyo, fedha za kuandaa tamasha na fedha za kumlea dereva ni mifuko miwili tofauti, na wa kwanza ndio unaojazwa. Tumekuwa kama mwenye nyumba anayekodisha ukumbi wa harusi kila mwaka huku mwanawe akikosa mchumba.

Atakuja anayeuliza kwa nini nchi yenye shule zisizo na madawati imgharamie kijana achezee gari Ulaya. Ni swali zito na sitalipuuza. Ningelijibu kwa kusema kwamba uamuzi wa kutumia fedha za umma kwa mchezo huu ulikwisha kufanywa siku Safari iliporejea. Kinachobaki ni kuamua kama sehemu ndogo yake iwaendee Wakenya: madereva, waelekezi na mafundi, kwa sababu kila gari la daraja la Rally3 linahitaji kundi la mafundi wenye ujuzi ambao hawajifunzi katika gereji za kawaida. Fundi wa Mkenya aliyefunzwa kulifungua sanduku la gia na kulirejesha huku saa ikihesabu dakika ana ujuzi wa kuuza popote.

Kuhusu kuanza mapema, hatuko gizani kabisa. Mashindano ya otokrosi hapa nchini yana daraja la watoto, wanaoendesha vigari vidogo katika viwanja vilivyofungwa, na wazazi hukaa kando wakila vumbi na kushangilia. Wengi wa madereva wetu wa leo walianzia huko. Mwanya unaoumiza uko kati ya hapo na umri wa miaka 18, ambao ndio Mkenya hupata leseni ya kuendesha gari. Mtoto wa miaka 14 aliyehitimu katika otokrosi hana pa kwenda kwa miaka minne, na hiyo ndiyo miaka ambayo Kalle alitwaa ubingwa wa Latvia mara mbili na kuingia WRC. Njia ya Latvia, ya mwelekezi mtu mzima kushika usukani katika barabara za umma na kijana katika mikondo iliyofungwa, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji KMSF, polisi wa trafiki na mamlaka ya usalama barabarani waketi mezani. Haina budi pia kuhitaji tahadhari kubwa, maana gari la mbio humuua mtoto kama linavyomuua mtu mzima, na sitamlaumu mzazi atakayekataa.

Kuna tukio moja la 2024 linaloonyesha kilomita hufanya nini zikishakusanyika. Rovanperä, baada ya kutwaa taji lake la pili la dunia mwaka 2023, alikuwa ameamua kushiriki duru chache tu msimu uliofuata. Siku chache kabla ya duru ya Poland, Ogier alipata ajali wakati wa kuzikagua barabara, na Toyota ikampigia simu kijana huyo akiwa likizoni. Alifika akiwa amechelewa, akazikagua barabara kwa haraka, na wikendi ilipokwisha alikuwa mshindi.

Oktoba 2025 alitangaza kwamba angeyaacha mashindano haya mwisho wa msimu na kuhamia langalanga, akiwa na umri wa miaka 25 tu. Kiti chake cha Toyota hakikukaa wazi hata kidogo. Oliver Solberg, aliyekuwa ametoka kushinda Estonia na kutwaa taji la WRC2 mwaka huo huo, alikuwa tayari. Mfini Sami Pajari, bingwa wa Junior WRC wa 2021 na wa WRC2 wa 2024, alikuwa amekwisha kuingia katika magari makubwa ya timu hiyo. Pajari alipita katika daraja la chipukizi mwaka mmoja tu kabla ya Kimathi kwenda Umeå. Katika majina yaliyotajwa kuwa yanapanda, hapakuwa na la Mwafrika.

Katika viwanja vyetu vya otokrosi wapo watoto waliokuwa na umri wa miaka minane siku ile Rovanperä aliposhinda Naivasha mwaka 2022. Watatimiza miaka 14 mwaka 2028. Kanuni ya kuwaruhusu kushindana wakiwa na umri huo, kama itaandikwa, inafaa kuandikwa kabla ya hapo.